Siku Moshi Haukutoka Jikoni Kwangu

Watu wa Makanyagio wenye umri kama wangu wanaikumbuka siku niliyofilisika. Waulize. Watakwambia ilikuwa miaka ya tisini, Mpanda ikiwa bado wilaya tu chini ya Rukwa, na kwamba yule mwenye mashine ya kukoboa mpunga, mtu mwenye tumbo lake na kofia yake, aliamka asubuhi nyumbani hana hata unga wa uji. Watakwambia walileta vyakula. Wengine watakwambia walilia.

Sikufilisika. Sijafilisika hata siku moja tangu nianze kushika hela yangu mwenyewe. Ila habari ile niliiacha itembee, na leo naeleza kwa nini, maana mwenye siri amenipa ruhusa. Nilimpigia simu nikamuuliza, "Mama, niandike?" Akacheka. Akasema, "Andika baba, ila jina langu usiliweke." Basi humu hakuna jina la mtu yeyote, hata la kwangu, ingawa la kwangu linajulikana.

Kwanza mnijue. Shule nilifika darasa la tatu. La nne nililiona kwa mbali nikaona halina faida. Nilianza kwa kununua mpunga kule kijijini Mamba, debe hili na debe lile, nikiuleta mjini juu ya malori ya watu, nimekaa kwenye magunia na vumbi limeniingia mpaka kwenye meno. Wenzangu walikuwa wanafika wanakunywa. Mimi nilikuwa nafika nalala. Hivyo hivyo mpaka nikanunua mashine yangu, ya dizeli, ambayo ikiwashwa mtu aliyeko stesheni anajua nani kaamka. Nikajenga nyumba ya bati. Nikajenga choo cha sakafu ya saruji, mlango wa mbao, komeo la chuma, wakati wakubwa wa ofisini walikuwa bado wanaingia vya nyasi. Choo hicho mkikumbuke, kitarudi.

Mtoto wetu wa mwisho alikuwa binti wa miaka kama sita. Amebeba jina la mama yangu mzazi, kwa hiyo tangu azaliwe mimi namwita Mama, na yeye tangu ajue kusema ananituma kama mama anavyomtuma mtoto. Alikuwa mlaji. Alikuwa akimaliza sahani yake anahamia kwenye yangu, bila kuomba. Halafu akaanza kulalamika tumbo. Tukampa dawa ya minyoo. Tukampa dawa ya amiba. Shangazi wa mke wangu akaleta mizizi, akanywa, akatapika. Kisha mke wangu akaniita pembeni akaniambia mtoto anajisaidia damu, na kwamba si mara ya kwanza, alikuwa anaficha. Gauni lake la Krismasi, lililokuwa linambana, likawa linamning'inia kama nguo ya kuazima.

Hospitali wakatuambia wazi. Minyoo haipo, amiba haipo, wanahisi utumbo wenyewe ndio unaumwa. Kulikuwa na daktari bingwa aliyekuwa anakuja mara chache kwa ndege ndogo, anatibu siku mbili anaondoka. Huyo ana kifaa chenye taa, anakipitisha kwa nyuma na kuangalia ndani ya utumbo kwa macho yake. Muuguzi aliyetupa maelekezo alikuwa mama mtu mzima, mkali kidogo.

"Kesho kutwa asubuhi ndiyo zamu yake," akasema. "Kesho siku nzima, mpaka afike hapa, sitaki ale. Nikisema siku nzima namaanisha kuanzia anapoamka."

"Hata uji?" nikauliza.

"Hata uji."

"Uji mwepesi?"

"Baba."

"Basi maziwa. Maziwa si chakula."

"Maziwa ni chakula. Atakunywa maji, chai ya rangi, na mchuzi wa kuku uliochujwa mpaka usibaki hata unyuzi. Soda nyekundu hapana, daktari akiiona atadhani damu. Saa kumi jioni mnampa haya mafuta ya nyonyo. Ataenda chooni, na ataendelea kwenda mpaka yatoke maji matupu. Asubuhi mimi nitamsafisha tena kwa bomba la maji ya uvuguvugu. Daktari akikuta uchafu, haoni kitu, anamrudisha. Na akimrudisha sijui tena lini. Mvua zikianza uwanja wa ndege unakuwa tope, hata ndege haitui. Na damu ya mtoto huyu imeshapungua, mnaona macho yake yalivyo meupe."

Nikamwambia nimeelewa vizuri kuliko anavyofikiri. Mashine ikiharibika, fundi anaanza kwa kutoa mpunga wote, maana hawezi kuona wavu umetoboka wapi wakati mpunga umejaa. Akaniangalia akasema, "Ndiyo hivyo hivyo." Nilisikia baadaye kwamba aliwaeleza wagonjwa wengine kwa mfano ule ule. Hakusema aliutoa wapi.

Akamgeukia mke wangu. "Na wewe mama, umeelewa?"

"Huyu ameelewa mambo ya mashine," mke wangu akajibu. "Mimi nimeelewa mambo ya mtoto."

Njiani kurudi mke wangu akasema jambo moja tu, na akalisema bila kunitazama. "Mtaani asijue mtu. Huyu ni mtoto wa kike. Atakua. Sitaki asikie watu wanasema ndiye yule aliyeangaliwa nyuma." Nikamwambia haitatoka kinywani mwangu. Akakitazama kinywa changu kwa jicho la mtu anayekijua.

Sasa shida ilikuwa njaa. Mtoto wa miaka sita hawezi kusikia harufu ya maharage akatulia, na yule alikuwa mlaji hata kwenye ugonjwa wake. Nikatoa amri: kesho kwangu hapikwi. Kaka zake niliwapeleka kwa dada yangu upande wa Kawajense wakale huko. Mashine nikaifunga ili nishinde naye. Na mimi mwenyewe nikatangaza kwamba mwanangu asipokula sili. Mke wangu mpaka leo anasema nilikuwa na karanga mfukoni. Ushahidi hana.

Alfajiri, mtaa ukiwa bado umelala, mke wangu alichemsha chai na mchuzi, akavijaza kwenye chupa za chai, akamwagia maji moto wa kuni. Tukawa tumejipanga. Kila kitu nilikuwa nimekifikiria isipokuwa kimoja, ambacho mtu wa Mpanda hapaswi kukisahau: majirani wana macho.

Majiko yetu yalikuwa nje, ya nyasi, na moshi ulitoka kwenye paa lote kama nyumba inapumua. Mtaa ulikuwa unasoma moshi. Ukiwahi kutoka, mna safari. Ukichelewa, mama wa nyumba anaumwa. Usipotoka kabisa, na mashine iliyozoeleka kunguruma tangu asubuhi nayo imekaa kimya, na watoto walionekana jana wakihamishwa na vifurushi vyao, basi hapo hakuna haja ya kuuliza.

Wa kwanza alikuja mke wa mzee mmoja mstaafu wa reli, nyumba inayopakana na yetu. Alileta uji wa ulezi kwenye bakuli, kafunika na kawa. Hakusema mengi. Alimshika mke wangu mkono, akamwambia, "Dada, ndiyo dunia," akaondoka. Mke wangu akabaki na bakuli. Chakula cha jirani hukirudishi. Ukikirudisha umemwambia ni mchawi. Na huwezi kusema mtoto amekatazwa, maana swali la pili litakuwa amekatazwa kwa nini.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka. Akainua pua. "Uji wa nani?"

"Wa wageni," nikasema.

"Wageni wako wapi?"

Nikaliweka bakuli juu ya kabati. Hajamaliza kulitazama, vikaja viazi vitamu. Vikaja vya pili. Ikaja sufuria ya wali na mchuzi wa maharage, kutoka kwa mama mmoja ambaye wiki iliyopita tulikuwa tumegombana naye kwa sababu ya mbuzi. Kabati likajaa nikaanza kupanga juu ya masanduku. Nyumba nzima ilinukia kama ya harusi, na mwanangu katikati, na kikombe chake cha chai ya rangi.

Halafu akaja mzee wa reli mwenyewe. Akanikuta barazani.

"Pole sana ndugu yangu," akasema. "Biashara ndivyo ilivyo."

"Pole ya nini?"

"Tumeona."

"Mmeona nini?"

"Hatujaona moshi."

Jamani. Mimi! Nilikuwa na magunia ya mpunga ghalani yamefika kwenye kenchi za paa. Nilifungua mdomo nimwambie aje ayaone, ayashike, achome gunia kwa bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, aone mpunga wenyewe ulivyo mkavu. Nikamuona mke wangu amesimama mlangoni. Nikaufunga mdomo. Nikasema, "Asante mzee. Ndivyo ilivyo."

Alipoondoka tu, tukasikia kilio kutoka barabarani. Kilio kikubwa, cha msiba hasa, kinakuja upande wetu.

"Uwiii! Uwiii jamani! Mnyamwezi amekufa njaa! Atabeba nani mizigo ya watu sasa?"

Alikuwa mtani wangu. Mimi ni Mnyamwezi, yeye ni Mfipa, mwenyewe unajua hapo hakuna adabu. Alikuwa mama wa makamo anayeuza migebuka sokoni, samaki wa kutoka ziwani, na hajawahi kuingia kwangu kwa kupiga hodi. Aliingia na sinia lake kichwani na ndoo ya samaki mkononi, akavitua, akajitupa chini mlangoni akagaragara. Kisha akainuka, akatoa kofia yangu kwenye msumari, akaivaa. Akatoa tumbo mbele. Akaanza kutembea uani kwa hatua zangu, mikono nyuma, akitoa sauti yangu: "Mimi darasa la tatu! Mimi choo cha saruji!"

Ndani nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia kwa muda mrefu. Mama alikuwa anacheka.

Nikamvuta yule mama chumbani. Nilikuwa nimeapa, ndiyo, lakini mtani hahesabiwi kuwa mtu wa nje. Nikamweleza. Kofia yangu ilikuwa bado kichwani mwake.

"Mtoto huyu?" akauliza.

"Huyu."

"Wamwangalie huko?"

"Huko. Kesho asubuhi. Na asile kitu, akila chochote anarudishwa. Na hao nje wanaleta vyakula, siwezi kuwakatalia, siwezi kuwaambia."

Akairekebisha kofia.

"Wewe huwezi kuwakatalia," akasema. "Mimi naweza kuwanyang'anya. Lete kiti. Sio hicho cha wageni, lete kile chako cha kulalia."

Akakaa mlangoni kwangu kwenye kiti changu, na kofia yangu, kama mwenye nyumba. Akaja mama na ndizi za kupika. Kabla hajasema pole, mtani ameshazipokea.

"Lete hapa!"

"Si zako hizo, ni za wenye shida."

"Mwenye shida ni mimi. Mtani wangu amefilisika, nani atanilisha? Chakula cha muflisi ni cha watani, kwenu mlizaliwa wapi nyie?" Akachukua ndizi, akala, akanyonya vidole mbele yake. Yule mama alicheka mpaka akakaa chini. Ungefanya nini? Mtani akinyang'anya hukasiriki, ukikasirika umejiaibisha mwenyewe. Alikula alivyoweza. Alivyoshindwa alimwaga kwenye ndoo yake ya samaki. Na vile vilivyokuwa juu ya kabati aliviamuru vitoke vyote, akasema ni mali ya msiba.

Na kila aliyepita alimpa habari mpya. Kwamba nimefilisika kwa choyo. Kwamba mashine yangu imekula mpunga haikutoa mchele. Kwamba nimeuza mpaka komeo la choo. Nikamfuata nikamnong'oneza, "Mtani, punguza." Akanijibu kwa sauti, mtaa usikie, "Nipunguze nini, we si umeshapungua mwenyewe?" Kisha, chini chini, bila kunitazama: "Wakishughulika na wewe hawatamuuliza mtoto."

Hapo nikaelewa. Nikarudi ndani nikakaa.

Mchana ndipo alipotuponyoka. Mke wangu alikuwa amesinzia, mimi nilikuwa nyuma ya nyumba kwa shughuli zangu, na hazikuwa za karanga. Mama akanyata mpaka kwenye ndoo ya mtani, akatoa kiazi. Kilikuwa kimefika midomoni. Mtani akageuka, akakinyakua, na akakitia kinywani mwake chote, na ganda lake. Mama akapiga yowe. Yule mtu mzima naye akapiga yowe kubwa zaidi, na kiazi mdomoni.

"Umeninyang'anya!" Mama akalia.

"Wewe ndiye umeninyang'anya! Kiazi changu! Mwizi wa Kinyamwezi! Wanaanza wakiwa wadogo namna hii!"

"Mimi nina njaa!"

"Mimi nina njaa na nimezeeka!"

Walilia hivyo, mmoja akipandisha na mwingine anapandisha, mpaka Mama akasahau anachokililia akaanza kumtazama mwenzake anavyokunja uso. Mtani akamkazia macho. "Sikia wewe. Ukipona, siku hiyo na wewe utaninyang'anya mimi. Samaki yeyote. Sitasema kitu."

"Hata mkubwa?"

"Hata mkubwa."

Saa kumi tukatoa mafuta ya nyonyo. Mama akanusa kijiko akafunga mdomo. Mke wangu akambembeleza, wapi. Nikamwambia mimi nikiwa mdogo nilikunywa chupa nzima bila kukunja uso. Akanitazama, halafu akasema, "Baba kwanza."

"Ehee!" mtani akapiga makofi. "Mama yako amekutuma. Mtu wa maneno, kunywa."

"Mimi siumwi."

"Baba kwanza," Mama akarudia.

Nilikunywa. Na kwa kuwa mtani ndiye aliyemimina, hakutumia kijiko, alitumia kikombe. Mama akaona nimemeza, na yeye akameza chake. Tukakaa wote kwenye mkeka tunatazamana, kama watu waliokata tiketi na wanasubiri.

Naomba mnielewe, choo changu kilikuwa kizuri kuliko vyote mtaani, lakini kilikuwa kimoja.

Mama alianza. Mtani akasimama mlangoni, akaweka viganja mdomoni, akapiga honi: "Puuuu! Treni ya Kaliua inaondoka! Abiria wapishe!" Mama akakimbia uani huku anacheka, mama yake nyuma. Akarudi. Mtani akamuuliza kwa sauti ya mkuu wa stesheni, "Mzigo umeshuka?" Mke wangu akatoa taarifa: "Umeshuka, ila mwingine bado upo." "Treni irudi tena!" Ikarudi tena, na tena.

Halafu mimi. Nilisikia tumbo linageuka. Nikainuka kwa heshima yangu, nikatembea, kisha nikaacha kutembea nikakimbia. Nikakuta mlango umefungwa kwa lile komeo langu mwenyewe.

"Nani humo?"

"Mimi!" Mama akaitika.

"Mama, fanya haraka."

"Bado!"

Nyuma yangu mtani alikuwa anatandaza mikono kama bendera. "Treni ya abiria inapita kwanza! Ya mizigo isubiri pembeni! Reli ni moja!" Nilishika ukuta. Nilizunguka choo changu. Majirani wa upande wa pili walichungulia juu ya ua, na mzee wa reli, Mungu amrehemu, akasema, "Maskini, na kuhara juu yake." Ndani ya choo mwanangu alikuwa anacheka kiasi kwamba hakuweza kutoa komeo.

Sitaeleza zaidi. Jua linazama, mke wangu akarudi kutoka chooni na Mama mkononi, akasema, "Maji matupu." Mtani akavua kofia yangu akaipunga. "Treni imefika Kaliua. Mabehewa matupu." Kisha akaiweka kwenye msumari wake, akabeba sinia na ndoo yake, akaondoka bila kuaga, anaimba njia nzima kwamba Mnyamwezi amekwisha.

Asubuhi nilimpakia Mama kwenye baiskeli, mama yake kwa miguu pembeni. Muuguzi akamuuliza Mama jana alikula nini. Akasema, "Hakuna. Treni ilifika bila mzigo." Muuguzi akanitazama. Nikamwambia ni lugha ya nyumbani.

Akamsafisha kwa maji ya uvuguvugu, yakatoka kama yalivyoingia. Akampa dawa ya kusinzia. Akamwingiza, na mke wangu akaruhusiwa kuingia naye mpaka alale. Mimi nikaachwa kwenye benchi la nje.

Nimelala porini na simba wanaunguruma. Nimevuka Mto Rungwa umejaa nikiwa juu ya magunia. Benchi lile lilinishinda. Gauni lake lilikuwa mkononi mwangu, mke wangu alikuwa amenipa nishike, na nilikuwa nalikunja na kulikunjua. Nikawa najiuliza kama kiazi kile hakikumegeka kidogo kikamwingia. Nikajiuliza kama ule mchuzi ulichujwa vizuri. Nikasikia mlango, nikasimama, akatoka mtu mwingine na ndoo. Nikakaa.

Daktari alipotoka nilimkuta ni kijana kuliko nilivyotarajia, na miwani. Akauliza, "Nani alimwandaa mtoto huyu?"

Nikasimama. "Mimi," nikasema.

Nyuma yake mke wangu akakohoa.

"Mmemwandaa vizuri sana. Hata wagonjwa wakubwa wengi hawafiki wasafi hivi. Nimeona kila nilichotaka kuona." Akanieleza taratibu. Kuna vidonda, lakini viko sehemu ya chini tu, na utumbo wa juu yake ni mzima. Amechukua kinyama kidogo, kama chenga ya mchele, kiende kupimwa kwenye mji mkubwa ili wajue ni vidonda vya nini hasa. Anavyodhani yeye, ni ugonjwa wenye dawa. Dawa itachukua muda mrefu na lazima tusiiache hata akionekana mzima. Akauliza kama tutaweza.

"Baba," nikamwambia, na nilikuwa namzidi kwa umri, "sisi tumeshaweza la jana."

Majibu yalikuja mvua zimeshaanza, na yalikuwa kama alivyodhani. Dawa ilichukua muda kweli. Kulikuwa na wiki nzuri na wiki mbaya. Damu ilipungua, ikarudi kidogo, ikapungua tena, ikaacha. Gauni la Krismasi likaanza kumbana upya, mke wangu akakataa kulifungua mshono, akasema anataka kuliona likimbana.

Lakini kufilisika kwangu hakukuisha. Mashine niliiwasha kesho yake, moshi ukatoka jikoni mpaka ukapitiliza, haikusaidia. Watu walisema nimekopeshwa na ndugu. Wateja wengine walihamishia mpunga wao kwa mwenye mashine wa upande wa pili, kwa kuogopa nisije nikaula. Wanaume tuliokuwa tunakunywa nao kahawa waliniuliza nilijikwamuaje, na mimi, ambaye nikiulizwa saa nasimulia nilivyoinunua, nikajibu, "Mungu mkubwa." Mke wangu alikuwa ananitazama nikirudi nyumbani, ananiwekea chakula. Mara moja aliniongezea nyama bila kuulizwa. Mnaojua ndoa mnaelewa ilikuwa nini.

Jumamosi moja nikaenda na Mama sokoni. Palikuwa pamejaa. Mtani wangu alikuwa nyuma ya meza yake ya migebuka, anagombana bei na mteja, na aliponiona akapaza sauti, "Ficheni mchele wenu, muflisi anapita!" Watu wakacheka, nikacheka nao, nilikuwa nimeshazoea. Nikasikia mkono mdogo umetoka kwenye mkono wangu.

Mama alikuwa ameshafika mezani. Alichagua. Hakuchukua wa karibu, alinyoosha mkono mpaka katikati akashika mgebuka mkubwa kuliko wote, wa kukaangwa, akauvuta kwa mkia, akakimbia nao katikati ya watu huku anauma.

"Mwizi!" mtani akapiga kelele. "Mkamateni! Mtoto wa muflisi kaniibia!" Alikuwa ameshika kiuno, na macho yake yalikuwa yanamfuata mtoto jinsi anavyotafuna.

Mama mmoja muuza nyanya akamwonea huruma mwanangu. "Mwache jamani," akasema, "huenda kwao hawajala."

Soko likanigeukia. Na mimi, na kofia yangu kichwani, na funguo za ghala mfukoni, nikasema, "Kweli mama. Kwetu kuna njaa."

Nikamfuata mwanangu. Nilimkuta nyuma ya vibanda amekaa juu ya gunia, mafuta mpaka kwenye masikio, amebakisha kichwa. Nikanyoosha mkono anipe kidogo. Akakitia mdomoni.